Ngeli ya Ndevu za Mlimani

Miongoni mwa kazi ambazo sisi walimu wa Kiswahili hupewa bila kuziomba ni kuwatafutia walimu wenzetu majina ya vitu. Mwalimu wa sayansi huja na kitu mkononi akauliza, "Hiki mnakiitaje kwa Kiswahili?" Naye hutarajia jibu la papo hapo, kana kwamba lugha ni duka na sisi ni wauzaji tuliokaa nyuma ya meza. Hapa Uganda kazi hiyo ina uzito wake. Kiswahili kilitajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini wengi wa wanafunzi wetu hukutana nacho darasani tu. Kwa hiyo neno wanalopewa na mwalimu ndilo watakaloondoka nalo. Likiwa limekaa vizuri litawasaidia kufikiri. Likiwa limekaa vibaya litawapotosha kwa miaka mingi.

Neno tunalotaka kulizungumza katika makala haya ni kuvumwani, ambalo wengine hupenda kusema likeni. Apandaye Milima ya Rwenzori, akishaupita ukanda wa mianzi na kuingia katika miti ya jamii ya Erica, hukuta matawi yamevikwa nyuzi za rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, zikining'inia na kupeperuka katika ukungu kama ndevu za mzee. Ndevu hizo huonekana pia Elgon, Kilimanjaro na milima mingine mirefu ya Afrika ya Mashariki. Hiyo ni kuvumwani ya aina moja. Zipo nyingine zilizogandamana na jiwe kama rangi iliyopakwa, hata huwezi kuzibandua bila kuondoka na kipande cha jiwe. Zipo nyingine tena zenye umbo la majani yaliyolala juu ya gome la mti. Kwa hiyo kwa kutazama umbo peke yake watu hugawa kuvumwani katika makundi matatu: za ukoko, za majani, na za vichaka au nyuzi. Ndevu za mlimani ni za kundi hili la tatu.

Jambo lililotufanya tushike kalamu lilitokea katika shule moja ya sekondari ambako tuliombwa kusaidia kazi ya kusahihisha insha. Mwanafunzi mmoja wa kike, wa kidato cha pili, alieleza safari ya darasa lao mlimani. Aliandika kwamba juu ya miti waliona "kuvu zinazoishi pamoja na mwani, zinaning'inia kama ndevu." Msahihishaji wa kwanza alikuwa amelikata neno kuvu kwa wino mwekundu, akaandika juu yake mimea, na kumpunguzia alama mbili. Tulipouliza sababu tulijibiwa kwamba kitabu cha darasa kinasema hivyo, na kwamba kitu cha kijani kilichoota juu ya mti hakiwezi kuwa kuvu. Alama hazikurudishwa. Mtoto naye alituuliza swali ambalo lilistahili jibu lililo bora kuliko wino mwekundu: "Je, kuvu ikiishi na mwani hugeuka kuwa mmea?"

Ili kumjibu yatubidi turudi nyuma kidogo katika historia, maana wataalamu wenyewe walichukua muda mrefu kulijua jibu. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden alipochapisha kitabu chake kikubwa cha kuainisha mimea, alizikusanya kuvumwani zote alizozijua, kama spishi 80, katika jenasi moja tu aliyoiita Lichen, akaiweka miongoni mwa mwani. Mwanafunzi wake, Erik Acharius, aliyekuwa daktari katika mji wa Vadstena, aliona kwamba kikapu hicho kimoja hakitoshi. Katika kitabu chake cha mwaka 1803 alizigawa kuvumwani katika jenasi nyingi kwa kufuata viungo vyake, na baadhi ya majina aliyoviita viungo hivyo yanatumika hadi leo. Hata hivyo Acharius naye aliamini kuwa anakitazama kiumbe kimoja, mmea wa aina ya peke yake.

Mwaka 1867 Simon Schwendener wa Uswisi alitoa hoja iliyowashtua wengi. Alisema kwamba kuvumwani si kiumbe kimoja bali ni wawili: kuvu, na ndani yake mwani. Kuvu aliifananisha na bwana, na mwani aliufananisha na watumwa wanaomlisha. Mfinlandi William Nylander, aliyekuwa bingwa mkubwa wa elimu hiyo mjini Paris, aliipinga hoja hiyo mpaka alipofariki mwaka 1899. Lakini hadubini haikumwunga mkono. Leo hakuna mtaalamu anayekana kwamba kuvumwani ni ushirika. Kuvu hujenga nyumba, huinasa maji na kuukinga mwani usiunguzwe na jua. Mwani, au mahali pake bakteria wa rangi ya kijani na buluu, hutumia nuru ya jua kutengeneza sukari, na kuvu hula sehemu ya sukari hiyo. Spishi za kuvu ziishizo namna hii hukadiriwa kuwa karibu 20,000. Neno "bwana" na neno "mtumwa" wengi wameyaacha, maana hayakuueleza ushirika wenyewe sawasawa.

Kwa hiyo jibu la swali la yule mwanafunzi ni hapana. Kuvu ikiishi na mwani hubaki kuwa kuvu, na mwani hubaki kuwa mwani. Rangi ya kijani tunayoiona si hati ya kuzaliwa. Kanuni ya kimataifa ya majina imelikata shauri hili kwa namna iliyo wazi: jina la kitaalamu linalopewa kuvumwani ni jina la kuvu iliyomo. Mwani uliomo una jina lake wenyewe na ukoo wake wenyewe, ulio mbali kabisa na ule wa kuvu.

Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapopaswa kuinua vichwa, kwa sababu muundo wa neno letu unasema jambo hilo hilo. Katika Kiswahili, nomino mbili zikiunganishwa, aghalabu ile ya kwanza ndiyo inayotaja kitu chenyewe, na ya pili hukieleza. Batamzinga ni bata, si mzinga. Askari kanzu ni askari, si kanzu. Punda milia ni punda mwenye milia. Kwa kanuni hiyo hiyo, kuvumwani ni kuvu yenye mwani. Kama tungesema mwanikuvu tungekuwa tumekiweka kiumbe hiki upande wa mwani, kama alivyofanya Linnaeus mwaka 1753. Basi mwanafunzi anayejua sarufi ya neno hili amekwisha kujua nusu ya somo la biolojia kabla hajafungua kitabu. Na yule aliyeandika "kuvu zinazoishi pamoja na mwani" alikuwa amelifumua neno kwa usahihi, mshono kwa mshono.

Tena, walimu wenzetu, kuna jambo jingine la kutufurahisha. Vitabu vya biolojia vya Kiswahili huwapanga viumbe kwa daraja: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Ngeli! Neno hilo hilo ambalo tunalifundisha asubuhi tukigawa nomino, mwenzetu wa sayansi hulifundisha mchana akigawa viumbe. Hebu basi tuzipe ndevu za mlimani ngeli yake na daraja zake nyingine. Himaya yake ni ya kuvu. Faila ni Ascomycota, yaani kuvu ambazo mbegu zake hutengenezwa ndani ya vifuko vidogo. Karibu kuvu zote ziundazo kuvumwani ni za faila hii. Ngeli ni Lecanoromycetes, oda ni Lecanorales, na familia ni Parmeliaceae, iliyo kubwa kuliko familia zote za kuvumwani. Jenasi ni Usnea, yenye spishi zaidi ya 300 duniani. Mwani uishio ndani yake ni wa jenasi nyingine kabisa, iitwayo Trebouxia.

Hilo jina Usnea lisipite hivi hivi. Asili yake ni neno la Kiarabu ushna, lililoingia katika Kilatini cha waganga wa zamani wa Ulaya. Kwa hiyo Kilatini nacho kilikopa kutoka kisima kile kile ambacho Kiswahili kimekopa maneno mengi, na hakuna aliyesema kwamba kwa kukopa huko Kilatini kimeacha kuwa Kilatini.

Sasa tuzitazame sifa za jenasi hii. Nyuzi zake ni za mviringo, zina matawi mengi, na zimeshikilia gome la mti kwa kikalio kimoja kidogo. Hazina mizizi wala hazinyonyi mti. Mti kwao ni kiti tu. Maji huyapata katika mvua na ukungu. Hewa ikikauka nazo hukauka na kuwa kama nyasi kavu, na ukungu ukirudi hulainika na kuendelea na kazi. Rangi yake ya kijani yenye umanjano huongezwa na asidi ya usniki iliyo katika gamba la nje. Juu ya gamba hilo aghalabu huwa na vipele vidogo au vijiti vifupi. Spishi nyingine huzaa visahani vya mviringo vyenye nywele pembezoni kama miali ya jua, na humo hutoka mbegu za kuvu. Lakini mbegu hizo hubeba kuvu tu. Zikianguka mahali pasipo na mwani ufaao, haziwezi kujenga ndevu mpya. Kwa sababu hiyo spishi nyingi zina njia nyingine. Hutoa unga mwembamba ambao kila chembe yake ni nyuzi chache za kuvu zilizokumbatia seli za mwani, na upepo huwachukua washirika wote wawili kwa pamoja.

Pamoja na sifa hizo zote, iko moja inayoitenga Usnea na nyingine zinazofanana nayo, nayo haihitaji hadubini. Chukua uzi mmoja ulioanguka chini, uulowanishe, kisha uuvute taratibu kwa vidole viwili. Gamba la kijani litakatika, na ndani yake utaona uzi mweupe, mgumu kiasi, unaovutika kama mpira. Huo ndio uti wake wa kati. Ramalina, ambayo nayo huning'inia mitini, haina uti huo na aghalabu matawi yake ni bapa. Bryoria, yenye nyuzi za kahawia, nayo haina uti wa namna hiyo. Na kusini mwa Marekani kuna kitu kinachoning'inia mitini kwa wingi, kinachofanana na ndevu hizi hata kikapewa jina la Tillandsia usneoides, maana yake "inayofanana na Usnea". Kumbe hicho ni mmea kamili utoao maua, wa familia moja na nanasi. Anayeainisha kwa kutazama kwa mbali atawaweka hawa wote katika kapu moja. Anayevuta uzi hatawachanganya.

Kazi ya kuzitenga spishi za Afrika ya Mashariki ilifanywa kwa subira kubwa na watu wawili, Hildur Krog wa Norway na T. D. V. Swinscow wa Uingereza. Kitabu chao kuhusu kuvumwani kubwa za Afrika ya Mashariki kilitoka mwaka 1988. Swinscow alikuwa tabibu na mhariri wa jarida la utabibu, naye ndiye aliyeandika kitabu kidogo cha kufundishia takwimu ambacho wanafunzi wa udaktari wamekisoma kwa miaka mingi. Tunalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba mtu wa fani moja hana ruhusa ya kuchungulia katika fani nyingine.

Tukirudi katika darasa letu la lugha, tunaona kwamba jaribio la kuvuta uzi linatufaa hata sisi. Hapa Uganda, mara nyingi tumeambiwa, na wanafunzi wetu wameambiwa, kwamba Kiswahili ni mchanganyiko tu. Kwamba ukikiondolea Kiarabu hakibaki kitu. Kwamba hakina ukoo. Wanaosema hivyo wanatazama gamba. Hebu chukueni sentensi hii muivute: "Vitabu vyetu vitatu vimepotea." Kitabu ni neno la asili ya Kiarabu, hatukatai. Lakini mbona wingi wake ni vitabu? Mbona vi- hiyo imepita katika vyetu, ikapita katika vitatu, ikafika hata katika vimepotea? Gamba limekatika, na uti umebaki mkononi. Uti huo ni upatanisho wa ngeli, na ndio huo huo unaopatikana katika Luganda, Lukonzo, Lunyankole na lugha nyingine za Kibantu ambazo watoto wetu huja nazo kutoka nyumbani. Lugha, kama kuvumwani, huwekwa katika ukoo wake kwa kile kinachoubeba mwili wake. Kilichoingia baadaye kikaupa chakula na rangi hakidharauliwi, lakini hakibadilishi ukoo.

Tusiuvute mfano huu ukakatika. Mwani ni kiumbe hai chenye ukoo wake, ilhali neno lililokopwa likishaingia katika ngeli zetu limekuwa letu. Tena elimu ya kuvumwani yenyewe haijasimama. Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi juu ya kuvumwani mbili za jenasi ya Bryoria, moja ya kahawia na nyingine ya manjano yenye sumu. Wataalamu walikuwa wameshangaa kwamba kuvu ya zote mbili ni ile ile, na mwani ni ule ule, lakini rangi ni tofauti. Wao waligundua katika gamba lake kuvu nyingine, ya namna ya hamira, iliyokuwa nyingi zaidi katika ile ya manjano. Kuvu za namna hiyo zilionekana pia katika kuvumwani nyingine nyingi, ingawa uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba si zote zilizo nazo. Kwa hiyo nyumba tuliyodhani ina wakazi wawili, pengine ina watatu au zaidi. Jina linabaki la yule aliyeijenga, lakini mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba hesabu ya wakazi imekwisha.

Pengine msomaji atauliza: alama mbili za mtoto mmoja zina uzito gani hata ziandikiwe makala? Tunajibu kwamba uainishaji una matokeo. Anayezidhani ndevu hizi kuwa mimea inyonyayo mti atazing'oa ili aukoe mti, hali haziudhuru. Anayejua kwamba hazina mizizi na kwamba chakula na maji yake hupitia hewani, ataelewa mara moja kwa nini hufa penye moshi wa viwanda. Nylander huyo huyo aliyekuwa mkaidi juu ya Schwendener aliona mwaka 1866 kwamba kuvumwani nyingi zilikuwa zimetoweka mjini Paris, ilhali bado zilipatikana katika bustani ya Luxembourg, akasema kwamba zinaupima usafi wa hewa. Usnea ni mojawapo ya zilizo nyepesi kudhurika. Hali kadhalika asidi ya usniki inaweza kuua bakteria wa aina fulani, na kwa sababu hiyo ndevu hizi zimesifiwa sana kuwa dawa. Lakini mwaka 2001 serikali ya Marekani iliwaonya watu dhidi ya vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa na asidi hiyo, baada ya watumiaji kuumia maini. Neno "mmea wa asili" huwatuliza wanunuzi. Ukweli kwamba ni kuvu yenye kemikali kali huwafanya waulize kwanza.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba sisi walimu, tukiulizwa maana ya neno hili, tusiridhike na kusema "aina ya mimea midogo." Fasili njema hutaja kwanza ukoo wa kitu, kisha hutaja kinachokitenga na jamaa zake. Kwa mfano: "Kuvumwani ni kuvu inayoishi kwa ushirika na mwani au bakteria wanaotumia nuru ya jua, wakaunda pamoja mwili mmoja juu ya mti, jiwe au udongo." Na kwa ndevu za mlimani: "Usnea ni kuvumwani yenye nyuzi za mviringo, ambayo ndani yake mna uti mweupe unaovutika." Wanafunzi wapewe uzi ulioanguka wauvute wenyewe, kisha wapewe sentensi nayo waivute. Mambo yote mawili huchukua kipindi kimoja.

Aidha, tungependa walimu walioko Kigezi, Elgon, Rwenzori, Nyungwe na Virunga wawaulize wazee wa huko ndevu hizi huitwaje katika lugha zao, na majina hayo humaanisha nini. Majina hayo yaletwe katika jarida letu, pamoja na maelezo ya matumizi yake kama yapo. Nasi tutayapanga kwa lugha na kwa mahali, ili mwalimu atakayeulizwa kesho awe na kitu cha kujibu.